Kurefusha Mguu: Istilahi Anazozihitaji Mgonjwa Kabla ya Upasuaji

Neno kurefusha si geni kwa msemaji yeyote wa Kiswahili. Twarefusha kamba kwa kuiunga na nyingine, twarefusha gauni kwa kufumua upindo wake, twarefusha safari kwa kupita njia ya mzunguko, na wako wasemaji ambao hatuna njia ya kuwazuia wasirefushe maneno. Katika matumizi yote hayo kitu kirefushwacho ama huongezewa kipande, ama hukunjuliwa sehemu yake iliyokuwa imekunjwa. Kwa hiyo mgonjwa aambiwapo hospitalini kuwa mguu wake mfupi unaweza kurefushwa, si ajabu akadhani kwamba atatiwa kipande cha mfupa au cha chuma, au kwamba mguu utavutwa mpaka ulingane na mwenzake. Hayo siyo yatakayofanyika. Mfupa utakatwa, nusu zake mbili zitaachanishwa kidogo kidogo kwa muda wa majuma kadhaa, na mwili wenyewe utaliziba pengo hilo kwa mfupa mpya.

Makala haya yana nia ya kuyachambua maneno yanayotumika, na yale yanayokosekana, katika mazungumzo ya mgonjwa na mpasuaji kuhusu tiba hii. Tumeichagua fani hii kwa sababu moja kubwa. Katika upasuaji mwingi kazi ya mgonjwa ni kulala, na kazi nyingine zote ni za daktari. Katika kurefusha mguu mgonjwa mwenyewe, au mtu wa nyumbani kwake, ndiye atakayeshika spana kila siku na kuuendeleza upasuaji ule kwa mkono wake. Asipoelewa maneno, hawezi kumpima daktari anayetaka kumpasua, hawezi kujiandaa, wala hawezi kuifanya kazi yenyewe.

Tuanze na jina la tatizo. Kiswahili kina maneno mengi ya mwendo wa mtu ambaye miguu yake hailingani: kuchechemea, kuchopea, kuguchia. Maneno haya ni mazuri, lakini yote hutaja dalili inayoonekana kwa nje. Mtu aweza kuchechemea kwa sababu ya maumivu ya nyonga, au udhaifu wa misuli, hali miguu yake ina urefu mmoja. Kwa hiyo kwa tatizo lenyewe twapendekeza tuseme waziwazi tofauti ya urefu wa miguu, na tofauti hiyo itajwe kwa sentimita. Neno kiguu, linalosikika mitaani, tungependa libaki katika methali na misemo. Halifai kuandikwa katika cheti cha mtu.

Tofauti hiyo huletwa na mambo mengi. Wako waliozaliwa nayo. Wako walioachiwa na polio. Wako waliovunjika mfupa ukaunga vibaya, au walioumia utotoni kwenye gegedu la ukuaji, yaani ile sehemu laini karibu na ncha ya mfupa ambamo mfupa wa mtoto hurefukia. Wako pia ambao mfupa wao uliingiwa na usaha, balaa ambalo watoto wenye selimundu huwa katika hatari kubwa zaidi ya kulipata. (Tukipita, tuseme kwamba selimundu ni mfano wa istilahi iliyofaulu: seli yenye umbo la mundu. Mgonjwa akilisikia neno hilo mara moja huiona picha ya ugonjwa wake.) Si kila tofauti inayohitaji kisu. Watu wengi wana tofauti ndogo isiyofika sentimita 1 nao hawajui. Tofauti iliyo chini ya sentimita 2 kwa kawaida humalizwa na fundi viatu kwa kuongeza unene wa soli. Kwa mtoto ambaye bado anakua, daktari aweza pia kuuzuia ukuaji wa mguu mrefu kwa wakati uliopimwa vizuri ili ule mfupi uufikie. Mpasuaji ambaye hakuyataja haya kabla ya kutaja upasuaji amempunguzia mgonjwa haki yake, na hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kumpimia.

Sasa tuje kwenye neno kuvuta, ambalo baadhi ya watu hulitumia badala ya kurefusha: mguu utavutwa. Neno hili lina historia, na historia yenyewe ndiyo inayolihukumu. Mwaka 1905 mpasuaji wa Italia, Alessandro Codivilla wa Bologna, alitangaza njia ya kuurefusha mfupa wa paja kwa kuukata na kisha kuuvuta kwa nguvu kubwa. Hapo neno kuvuta lilistahili. Lakini madhara yake yalikuwa mengi, kwa kuwa nyama, ngozi na neva haziwezi kustahimili kuvutwa kwa ghafla. Njia inayotumika siku hizi ilitoka mbali na huko, katika mji wa Kurgan huko Siberia, ambako daktari Gavriil Ilizarov alianza katika miaka ya 1950 kutumia pete za chuma zilizozunguka mguu na kushikwa kwenye mfupa kwa nyaya nyembamba zilizokazwa kama spoku za baiskeli. Husimuliwa kwamba chombo chake alikikusudia kuzibana pamoja nusu za mfupa uliovunjika, na kwamba siku moja nati zilizungushwa upande usiotakiwa, nusu zikaachana badala ya kubanana, na katika pengo ukaonekana mfupa mpya. Iwe ilitokea hivyo au sivyo, kanuni aliyoithibitisha ni kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu, ukiachanishwa polepole na kwa mwendo usiokatika, huota.

Kwa miaka mingi habari hizi hazikutoka Urusi, ingawa Valery Brumel, bingwa wa kuruka juu wa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964, alikuwa ametibiwa na Ilizarov baada ya kuvunjika mguu katika ajali ya pikipiki. Mwaka 1980 mpanda milima wa Italia, Carlo Mauri, alikwenda Kurgan na mguu uliomtesa kwa muda mrefu, akarudi akiwa amepona. Na mwaka 1981 Ilizarov alialikwa Italia kuwaeleza wapasuaji wa Ulaya Magharibi. Tangu hapo njia hiyo imeenea duniani, pamoja na Afrika Mashariki.

Kwa kuwa kiini cha njia hii ni upole, neno kuvuta lapotosha. Linamfanya mgonjwa afikiri kwamba akivuta zaidi atapona mapema. Tumeyapima maneno mengine. Kunyoosha limekwisha kuchukuliwa na kazi ya kuurudisha mfupa uliopinda, nayo ni kazi nyingine. Kutanua lataja upana kuliko urefu. Kutenganisha ni neno sahihi, lakini lina baridi ya mahakamani. Baada ya kuzungusha mawazo tumeona heri neno ambalo kila mtoto analijua: mwanya. Mwanya ni nafasi ndogo kati ya vitu viwili vilivyo jirani, na tena ni nafasi isiyo na aibu, kwani mwanya wa meno husifiwa. Basi pengo linaloachwa kati ya nusu mbili za mfupa na liitwe mwanya wa mfupa, na tendo la kulikuza kila siku liitwe upanuzi wa mwanya. Kitu kinachoota humo twakiita mfupa mchanga. Msomaji atasema kuna hatari ya kuchanganya na mchanga wa pwani. Hatari ipo, lakini ni ndogo. Hakuna asikiaye mtoto mchanga akafikiria ufuko. Na neno hili lina faida ambayo mfupa mpya hauna: laonyesha kwamba kitu hicho bado hakijakomaa, na kwamba hakiwezi kubebeshwa mzigo.

Kwa maneno hayo tunaweza kueleza mwendo wa tiba kwa sentensi chache. Siku ya upasuaji mfupa hukatwa kwa namna ya kuuhifadhi utando unaoufunika na uboho uliomo ndani kadiri iwezekanavyo, kwa sababu humo ndimo uhai wa mfupa mchanga utakamotoka. Kisha hufuata kipindi cha kungojea, cha siku 5 hadi 10 hivi, ambapo hakizungushwi kitu. Halafu kipindi cha upanuzi, ambapo mwanya hupanuliwa kwa milimita 1 kwa siku, na kwa kawaida milimita hiyo hugawanywa mara nne, robo kila mara. Mwisho ni kipindi cha ukomaaji, ambacho aghalabu ni kirefu kuliko vyote, mara nyingi maradufu ya kipindi cha upanuzi. Mgonjwa anayehitaji sentimita 4 atapanua mwanya kwa siku 40 hivi, lakini chuma hakitatoka siku ya 41. Ahesabu mwezi 1 hadi mwezi 1 na nusu kwa kila sentimita, yaani miezi 4 hadi 6, na mtu mzima asitarajie kwenda haraka kama mtoto. Hapa neno kukomaa latusaidia sana. Mkulima hahitaji kufundishwa kwamba hindi lililofikia urefu wake si hindi lililo tayari kuvunwa.

Neno linalotupa taabu zaidi ni vyuma. Wodini na mitaani husemwa fulani amewekewa vyuma, na kwa neno hilo moja hutajwa vitu ambavyo havifanani kabisa: bamba lililofungwa kwa skrubu chini ya nyama, chuma kilichopitishwa ndani ya uboho, na zile pete na pini zinazoonekana nje ya ngozi. Mgonjwa aulizaye kama atawekewa vyuma atajibiwa ndiyo katika hali zote tatu. Kwa zile pete na pini twapendekeza kiunzi cha nje. Kiunzi ni neno la waunda majahazi na la waashi, na tayari twasema kiunzi cha mifupa. Kwa kile cha ndani twaona chuma cha ubohoni chatosha; neno msumari, ambalo limejaribiwa, lamfanya mgonjwa asikie nyundo.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kiunzi cha nje huingia ngozini kwa matundu mengi, na kila tundu ni mlango wa vijidudu, hivyo husafishwa siku zote. Chuma cha ubohoni chenye uwezo wa kujirefusha kwa kuamriwa na sumaku iliyo nje ya mguu, ambacho aina yake inayojulikana sana iliruhusiwa Marekani mwaka 2011, hakiachi tundu, lakini bei yake ni kubwa mno, nacho hakifai kwa mfupa ulio mwembamba sana wala uliowahi kuoza kwa usaha. Isidhaniwe pia kwamba kila kipya ni salama: mwaka 2021 aina moja ya vyuma hivyo, iliyotengenezwa kwa chuma cha pua, iliondolewa sokoni baada ya kuonekana dalili za kutu na mabadiliko katika mifupa ya baadhi ya wagonjwa. Kwa wagonjwa wengi wa nchi zetu chombo ni kiunzi cha nje, na sehemu iliyobaki ya makala haya yazungumzia hicho.

Ni nani basi wa kukabidhiwa kazi hii? Hapa Kiswahili chetu kina utajiri unaoleta umaskini. Mganga kwa asili ni mponyaji wa aina yoyote, na serikali ya Tanzania ingali na Mganga Mkuu, ambaye ni daktari aliyesomea udaktari, hali neno hilohilo mtaani humwita mtu wa hirizi. Tabibu katika vituo vyetu ni mtu wa ngazi nyingine ya mafunzo, lakini katika fasihi ni daktari yeyote. Daktari huitwa yeye na huitwa pia msomi wa historia mwenye shahada ya uzamivu. Na bingwa, neno tulilolichagua kwa mtaalamu aliyebobea, ni hilohilo la timu iliyotwaa kombe. Kwa hiyo tangazo lolote laweza kudai ubingwa bila kusema uongo wala ukweli. Twapendekeza kwamba mgonjwa aache kuuliza kama huyu ni bingwa, aulize maswali matatu yenye majibu. La kwanza: je, jina lake limo katika daftari la madaktari akiwa mtaalamu wa upasuaji wa mifupa? Daftari hilo Tanzania Bara huwekwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na nchi jirani zina mabaraza yao. La pili: je, kurefusha mfupa amejifunzia wapi? Mtu aweza kuwa mpasuaji hodari wa mifupa iliyovunjika, na bado hajawahi kuusimamia mwanya hata mmoja. La tatu: je, ni wagonjwa wangapi aliowarefusha, wenye sababu kama yangu, na wangapi walipata matatizo? Atakayejibu kwamba hakuna aliyepata tatizo, mgonjwa na amshukuru, aondoke. Katika tiba hii ya miezi mingi matatizo madogo ni ya kawaida, kama usaha katika tundu la pini, na anayeyajua huyataja bila kuombwa.

Twasema mpasuaji, lakini kwa kweli mgonjwa achagua kundi. Upasuaji wenyewe ni wa saa chache, na yanayobaki ni ya miezi. Lazima pawe na mashine ya eksirei ya kuutazama mwanya kila baada ya juma moja au mawili, pawe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliye karibu, na pawe na mlango wa kubisha usiku homa ikipanda. Ndiyo maana mgonjwa wa Kigoma au wa Lamu aliyefanyiwa upasuaji mzuri mahali pa mbali, akarudishwa kwao na spana mkononi bila mtu wa kumtazama, ameuziwa nusu ya tiba. Hili lawahusu zaidi wanaosafiri kwenda ng'ambo: waulize nani atawapokea nyumbani, na kama atakuwa na nati za aina ileile.

Kadhalika tutenge maneno mawili yanayochanganywa kwa makusudi: urefu na kimo. Kurefusha mguu ili ulingane na mwenzake ni tiba. Kukata mifupa ya miguu yote miwili ya mtu mwenye afya ili aongezwe kimo ni jambo jingine, ingawa kisu ni kilekile na hatari ni zilezile, tena mara mbili. Hatuna mamlaka ya kumkataza mtu mzima. Twataka tu jambo hilo liitwe kuongeza kimo, lisijifiche nyuma ya jina la tiba. Na mtu akiahidiwa urefu mkubwa kwa safari moja ajue kwamba wapasuaji wengi waangalifu hawapendi kuzidi sentimita 5 hivi kwa mfupa mmoja kwa mara moja, kwa sababu kinachokataa si mfupa.

Kinachokataa ni nyama na mishipa. Hapa twafika kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, ni hatari kuliko yote tuliyoyataja: mshipa. Kwa Kiswahili cha kawaida mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na katika sehemu nyingi ni jina la ugonjwa wa ngiri. Daktari asemapo kuwa mshipa waweza kuumia wakati wa kupanua mwanya, mgonjwa mmoja huogopa kutokwa na damu, mwingine hufikiria kinena, na pengine hakuna anayefikiria kile alichokusudia daktari, yaani neva inayopita ubavuni mwa goti, ambayo ikinyooshwa kupita kiasi huleta ganzi juu ya wayo na kuufanya wayo uanguke usiinuke. Sasa mgonjwa ambaye hakuelewa hivyo ataiona ganzi ile jioni ya siku ya ishirini, ataidhania uchovu, naye ataendelea kuzungusha nati kwa utiifu. Lau angejua, angepunguza au angeacha kuzungusha na kumwita daktari siku ileile, na neva nyingi zikiwahiwa hupona. Tofauti kati ya mguu uliorefushwa na mguu uliopooza imelala katika neno moja.

Taasisi ya tiba ya mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, imelitumia jina mishipa ya fahamu katika kuitaja sehemu ya kazi zake, na usemi huo una sifa yake, kwani waipambanua na mishipa ya damu. Udhaifu wake ni urefu: mtu akiwa na haraka hulitupa lile fahamu akabaki na mshipa. Ndiyo sababu twaona neno neva, lililokwisha kuzoeleka shuleni, litiliwe nguvu pia hospitalini, na mshipa uachiwe damu. Kano itajwe kano, na msuli utajwe msuli. Na neno kiungo litumike kwa maungio tu, kama goti na nyonga, si kwa mguu mzima, maana mgonjwa huambiwa afanye mazoezi kiungo kisikakamae, na goti linalokakamaa wakati wa upanuzi huweza kumlemaza mtu aliyekuja kutafuta kupona ulemavu. Vivyo hivyo, fomu isiandike mguu wa kulia peke yake. Kwa Mswahili mguu huanzia nyongani na kukomea vidoleni. Iandikwe paja la kulia, au muundi wa kulia, kwa watu wengine ugoko, na mgonjwa aonyeshwe kwa kidole.

Maandalizi yenyewe hayahitaji istilahi nyingi, yahitaji ukweli. Mvuta sigara, au mtumiaji wa ugoro, aache majuma kadhaa kabla na asirudie mpaka mfupa ukomae, kwa kuwa tumbaku huchelewesha kuota kwa mfupa. Damu ipimwe wingi wake, na selimundu ichunguzwe. Usaha wowote mwilini, hata wa jino, utibiwe kwanza. Ipigwe eksirei ya miguu yote miwili mtu akiwa amesimama. Mgonjwa aulize pia kuhusu usingizi: je, atachomwa ganzi ya mgongo au atapewa nusukaputi? Neno hili la pili, ambalo wengi hulinasibisha na Kijerumani, lina sauti ya kifo nusu na limewatisha wengi bure; dawa ya usingizi lingewafaa zaidi.

Nyumbani ndiko maandalizi husahauliwa. Mtu mwenye kiunzi cha pajani hawezi kuchuchumaa, na vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Kiti chenye tundu kitengenezwe na seremala kabla ya upasuaji, si baada yake. Suruali haipiti juu ya pete: atafute kanzu, shuka au kanga. Magongo ajifunze kuyatembelea akiwa bado mzima. Chandarua kining'inizwe pana kisinase kwenye pini. Ahesabu nauli ya kwenda kliniki mara nyingi, na ajue kwamba bodaboda si chombo cha kumbeba.

Halafu ratiba ya kuzungusha. Daktari aandikapo saa 8, saa 12, saa 4 na saa 8, je, ni saa za Kizungu au saa za Kiswahili? Mgonjwa asiyeulizwa atasoma saa zake mwenyewe, na mpango wote utahama. (Kwa bahati nzuri, ratiba ya kila baada ya saa sita kuanzia alfajiri huleta nambari zilezile 6 na 12 kwa hesabu zote mbili, nasi twaipendekeza kwa sababu hiyo peke yake.) Iandikwe saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Tena isiandikwe robo mara nne bila kutaja robo ya nini, kwani robo ya mzunguko wa nati na robo ya milimita hulingana tu iwapo skrubu imechongwa hivyo. Wala mgonjwa asiambiwe kaza. Fundi yeyote wa baiskeli ajua kukaza ni kuvileta vitu karibu, na hapa twataka viachane. Akiambiwa legeza, ataogopa kiunzi kisimwanguke. Neno salama ni zungusha kufuata mshale, na mshale wenyewe uchorwe kwenye kila nati kwa rangi isiyofutika.

Limebaki neno la kutia sahihi. Fomu nyingine huandikwa kibali, nyingine idhini, nyingine ridhaa, kana kwamba ni mamoja. Kibali ni ruhusa itolewayo na ofisi. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka juu ya jambo. Ridhaa hutoka kwa mtu aliye radhi, na hakuna awezaye kuwa radhi kwa jambo asilolijua. Twachagua ridhaa, na twataka iwe ya mwenye mguu, akiwa mtu mzima, hata kama mjomba ndiye aliyelipa. Kabla ya kutia sahihi na aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe kipi kitakatwa, nani atazungusha, kwa siku ngapi, na dalili gani itamfanya aache. Akikwama, tatizo liko kwa maelezo aliyopewa, na karamu ya sahihi ingoje siku nyingine.

Kuhusu mwisho wa tiba hatuna neno jipya. Kiunzi huvuliwa, kama nguo, na hilo lafaa, mradi ieleweke kwamba mfupa uliovuliwa kiunzi mapema huweza kupinda au kuvunjika, na kwamba eksirei, si kalenda, ndiyo inayosema kama umekomaa. Maneno ya kile kiatu chenye soli iliyoongezwa unene tumeyakosa. Mafundi viatu wa mijini kwetu lazima wana jina lao, nasi tungefurahi kuletewa na wasomaji wa pwani na wa bara kabla hatujabuni letu.